Nilifika Istanbul Kusoma Kijerumani

Nilipungukiwa alama sita. Ilikuwa kiangazi cha 2020, dirisha la chumba nilichopanga Paşabahçe liko wazi, meli ya mizigo inapita taratibu kwenye Bosphorus, na mimi nimekaa kitandani, simu mkononi, nikiyatazama matokeo ya mtihani wa Kijerumani. Mwaka mzima nilikuwa nimesoma lugha hiyo tu, asubuhi mpaka usiku. Nikafeli. Kanuni iliruhusu mwaka wa pili wa maandalizi, na baada ya huo hakuna mwingine. Vyuoni kwetu Tanzania tungesema nimebakiza hatua moja kudisko, yaani kuondolewa chuo.

Ninaandika ushuhuda huu kwa ajili ya yeyote aliyekaa kwenye kitanda cha namna ile, mbali na kwao, akijiuliza nauli ya kurudi ataipata wapi na atawaambia nini waliomuaga kwa ngoma na maombi.

Wengi huniuliza: Kijerumani, Istanbul? Ndiyo. Chuo Kikuu cha Kituruki na Kijerumani kipo Beykoz, upande wa Asia wa jiji, kwenye vilima vyenye misitu. Kilitokana na mkataba uliotiwa saini na serikali za Uturuki na Ujerumani mwaka 2008, na masomo yakaanza 2013. Ni chuo cha umma cha Uturuki, ila malezi yake ni ya nchi mbili. Uturuki inatoa ardhi na majengo. Ujerumani, kupitia shirika lake la mabadilishano ya kitaaluma, DAAD, na umoja wa vyuo vikuu vyake, inachangia wahadhiri na mitaala. Masomo mengi ni kwa Kijerumani. Maisha nje ya darasa, kuanzia duka la mkate hadi dirisha la kukatia kibali cha ukaazi, ni kwa Kituruki.

Yaani mafiga mawili. Na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Ilinichukua miaka miwili kulijua figa la tatu, kumbe nilikuwa nimetoka nalo nyumbani.

Nyumbani ni Songea. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi seremala Peramiho, penye abasia ya Wabenediktini waliofika kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Alijifunza useremala kwa mabruda wa Kijerumani, na alikuwa na neno moja alilolitamka kila ubao ulipoingia kwenye tundu lake bila kulegea wala kung'ang'ania. "Genau!" alisema, akipiga kiungo kwa kiganja. Sisi wajukuu tulilichukulia kuwa neno la kazi, kama "haya" au "twende". Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Bibi yeye alikuwa na kumbukumbu nyingine. Kwetu kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwemo kiongozi wa Wangoni, Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Nilipopata ufadhili wa serikali ya Uturuki, nikamweleza Bibi kwamba nitasoma uhandisi wa mekatroniki kwa Kijerumani, alikaa kimya akichambua mchicha. Kisha akauliza, "Ndiyo lugha ya waliomnyonga Nduna?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndiyo lugha ya waliomfundisha babu yako randa." Akaendelea na mchicha wake. Hakunizuia wala hakunipa ruhusa. Nikaondoka na swali lile kama mzigo ambao sikuulizwa kama nitauweza.

Mwaka wa kwanza, 2018 hadi 2019, nilisoma Kituruki, na hakikuniumiza sana. Siku ya kwanza mama mmoja wa hosteli aliniambia "merhaba", nikashindwa kujua kama ananiamkia au ananiitikia. Kila kona nilikutana na jamaa: kitap, saat, dakika, haber, sabun, asker, dünya. Kiswahili na Kituruki vyote vilichota kwenye kisima cha Kiarabu, kila kimoja kwa ndoo yake. Hata sarufi ilikuwa na jambo la kunifariji. Mturuki anasema evlerimizden, neno moja tu, akimaanisha "kutoka kwenye nyumba zetu". Anabandika vipande nyuma ya shina, nasi tunabandika mbele: tutakapowaona. Mkono ni mwingine, kazi ya kushona ni ile ile.

Halafu kikaja Kijerumani, Oktoba 2019.

Wiki ya kwanza mwalimu aliandika sentensi ubaoni, mwenzangu mmoja akaijibu vizuri, na mwalimu akasema, "Genau!" Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina la utotoni. Niliinamisha kichwa machozi yasionekane. Babu alikuwa amekufa miaka kadhaa, na hapa, kwenye kilima cha Beykoz, mtu asiyemjua anatamka neno lake kwa sauti ile ile. Nilitoka darasani nikiamini kwamba hiyo ni ishara, kwamba lugha hii nitaipata.

Ishara haifanyi mtihani. Darasani tulikuwa na wenzetu waliozaliwa au kukulia Ujerumani, watoto na wajukuu wa wale walioondoka Uturuki baada ya mkataba wa kazi wa 1961. Kijerumani walikisikia jikoni kwao kabla hawajajua kusoma. Wengine walitoka sekondari za Istanbul zinazofundisha kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa natafsiri mara mbili: nikisikia Kijerumani nakipeleka kwenye Kituruki changu kichanga, kisha kwenye Kiingereza cha sekondari, ndipo nielewe. Nikifika, mwalimu yuko sentensi ya tatu. Nikaanza kunyamaza. Nilijiambia nitasema nikishakuwa na uhakika. Wiki zikapita, uhakika haukuja.

Tarehe 24 Januari 2020 Kansela Angela Merkel na Rais Erdoğan walifungua rasmi majengo mapya ya chuo. Tulikuwa na fahari kubwa. Nilimsikiliza Merkel kwa makini yote niliyokuwa nayo, nikaambulia neno moja katika matano. Jioni nilirudi na basi namba 15 linalofuata ukingo wa maji kwenda Üsküdar, nikateremka Paşabahçe, nikapanda kilima kwa miguu, na kwa mara ya kwanza nikajiambia kwamba labda nimekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Machi vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya korona. Kijerumani kikahamia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kusoma lugha bila kuuona mdomo wa anayesema ni kama kujifunza kusuka ukeka gizani. Mwishoni mwa wiki hatukuruhusiwa kutoka. Anga lilifungwa, na hata kama ningekuwa na nauli nisingeweza kwenda popote. Nikasoma peke yangu, nikafanya mtihani, nikapungukiwa alama sita.

Nyumbani sikusema. Kwa wiki tatu kila Mama alipopiga nilimjibu kwamba tunasubiri matokeo. Najuta uongo ule mpaka leo, maana ulinifungia nje ya dua za watu wangu wakati nilipozihitaji kuliko wakati wote.

Aliyenitoa shimoni alikuwa jirani wa chini. Simtaji jina, kila mtu pale alimwita teyze, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo. Alikuwa amepita miaka 65, na tangu Machi wazee wa umri wake walikuwa wamewekewa vizuizi vya kutoka nje, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia mkate na dawa. Siku moja aliona uso wangu, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akajibu kwa Kijerumani.

Nilibaki nimeganda, mfuko mkononi. Miezi yote ile sikujua. Kumbe alikwenda Köln mwaka 1972 akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani miaka thelathini.

"Miaka miwili ya mwanzo nilinyamaza," aliniambia. "Niliogopa kukosea. Nikaumwa jino, nikaenda kwa daktari, nikashindwa kumweleza ni lipi. Aling'oa zima." Akafungua mdomo akanionyesha pengo. "Tangu siku ile nikaamua kukosea kwa sauti."

Kuanzia siku hiyo dirisha lake likawa darasa. Yeye ndani, barakoa usoni, mimi nje kwenye kigoda. Hakupokea mfuko mpaka nitaje kila kilichomo kwa Kijerumani, kwa sentensi kamili: nyanya nimenunua wapi, kwa nini mkate ni wa jana, muuzaji alisema nini. Nilipokimbilia mwisho wa sentensi alipunga mkono. "Langsam, kızım, langsam." Polepole, binti yangu, polepole. Neno la kwanza la Kijerumani, la pili la Kituruki, na yeye hakuona mpaka wowote kati yake. Sarufi yake ilikuwa na matobo. Woga hakuwa nao kabisa.

Siku moja aliniuliza, "Nyumbani kwenu huyu mnamwitaje?" akimwonyesha paka ukutani. Nikasema paka. Na mkate? Mkate. Na sabuni? Nikasema sabuni, akacheka kwa furaha, maana kwake ni sabun. Akasema, "Basi tayari una kitu. Kwa nini unaingia darasani mikono mitupu?"

Usiku ule nilichukua daftari jipya, nikapiga mistari miwili kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa, nikapata safu tatu: Kijerumani, Kituruki, Kiswahili. Kiingereza nilikiacha nje. Kila neno jipya lilipaswa kukaa mahali pote patatu. Schule ikakaa na shule, ambayo tuliichukua kwa Wajerumani wenyewe. Heller, senti ya zama za ukoloni wao, ikakaa na hela. Niliposhindwa kuijaza safu ya Kiswahili nilimpigia Mama au mjomba wangu fundi makanika. Ndipo nikalazimika kuwaambia ukweli kwamba nimefeli. Mjomba alisema tu, "Haya, leta neno." Kwa miezi ile alinitafutia majina ya vyuma kana kwamba mtihani ni wake.

Kilichofuata sikukitarajia. Vitu vilivyonitisha vikaanza kufanana na vya nyumbani. Wanafunzi wengi hulia kwa sababu ya der, die na das, zile jinsia tatu za nomino. Mimi natoka katika lugha yenye ngeli zaidi ya tatu, na kila ngeli inavuta sentensi nzima nyuma yake: kitabu changu kizuri kimepotea. Hilo sikufundishwa, nililinyonya. Kama nilijifunza kwamba kitabu kinapotea na barua inapotea, nitashindwaje kukumbuka kwamba meza ni der? Na kile kitenzi cha Kijerumani kinachosukumwa hadi mwisho wa sentensi baada ya "kwa sababu"? Kituruki kilikuwa kimeshanizoesha kusubiri, maana kwao kitenzi hukaa mwisho karibu siku zote. Nilikuwa nimesimamisha mafiga mawili kwa nguvu na kushangaa chungu kinamwagika. Figa la tatu, lugha niliyozaliwa nayo pamoja na watu wake, nililiacha mlangoni kila asubuhi nikidhani halina kazi humu.

Katika mwaka ule wa pili nilisoma pia habari za Ernst Hirsch, na zikanipa moyo. Alikuwa jaji na mwanasheria wa Kijerumani, Myahudi, ambaye Wanazi walimfukuza kazini. Mwaka 1933 alifika Istanbul akiwa na miaka 31, mmoja wa maprofesa wengi waliopokelewa na Uturuki wakati ule. Mkataba uliwataka wajifunze Kituruki. Mwanzoni Hirsch alifundisha kwa mkalimani. Baadaye akafundisha kwa Kituruki, akaandika vitabu vya sheria kwa Kituruki, akawa raia wa nchi hiyo, na Sheria ya Biashara ya Uturuki ya 1956 ina mkono wake. Nilimfikiria mara nyingi yule mtu mzima, msomi mwenye jina, akirudi kuwa mtoto mbele ya wanafunzi wake. Njia niliyoipita mimi kutoka Kituruki kwenda Kijerumani, yeye aliipita akitokea upande wa pili, tena akiwa amenyang'anywa nchi. Nikaona aibu yangu ya alama sita inapungua uzito.

Mwaka 2021 nilifaulu. Teyze alilia kuliko mimi.

Sitadanganya kwamba baada ya hapo njia ilinyooka. Mwaka wa kwanza wa uhandisi ulikuja na mekanika ambayo hata kwa Kiswahili ingenitoa jasho. Desemba 2021 lira iliporomoka: mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa lira saba na kitu, na kabla ya Krismasi iligusa kumi na nane. Posho ikabaki na jina lake lakini sokoni haikufika. Jumapili baada ya misa nilisuka nywele za dada zetu wa Kiafrika mitaa ya Aksaray, nikirudi na vidole vimekufa ganzi na nauli ya wiki mfukoni. Supu ya dengu ndiyo iliyonikuza.

Kisha Februari 6, 2023. Tetemeko kubwa la ardhi liliua zaidi ya watu 50,000 Uturuki. Hosteli za serikali zilitengwa kwa ajili ya manusura, masomo yakarudi mtandaoni. Mwenzetu mmoja, kijana wa Hatay, alimpoteza mama yake na wadogo zake wawili. Tulipokutana tena hakuna aliyejua amwambie nini, kwa Kituruki wala kwa Kijerumani. Nikamwambia pole. Akauliza maana yake. Nikamwambia kwetu ni neno la kumpa mtu aliyeumia, hata kama si wewe uliyemuumiza, halihitaji jibu. Alilirudia mara mbili, polepole. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia nalo.

Novemba mosi mwaka ule ule, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Kwetu. Aliingia Makumbusho ya Majimaji, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Siku ya pili yake Bibi alinipigia kwa simu ya shangazi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Redioni wametueleza. Nataka nijue amesema nini hasa, kwa mdomo wake."

Hotuba ilikuwa kwenye intaneti kwa Kijerumani. Nikakaa sakafuni, kompyuta magotini, nikamsomea kipande kwa kipande, Kijerumani kwanza kwa sababu alitaka kuisikia sauti ya lugha ile, kisha Kiswahili. Nilipofika kwenye neno Scham nikasimama. "Hili ni aibu, Bibi. Anasema anaona aibu." Nilipofika kwenye Verzeihung nikamweleza kwamba Mjerumani ana maneno mawili. Ukimkanyaga mtu mguu unasema Entschuldigung, neno nililolitumia mara mia kila siku darasani. Hili jingine linaingia ndani zaidi. Ni kuomba yule uliyemkosea akuachilie.

Bibi alinyamaza. Nilisikia jogoo na mtu akitwanga.

"Kusikia tumesikia," akasema. "Na kichwa cha Nduna?"

Wazee wetu wanaamini kichwa cha Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani. Nikarudi kwenye hotuba. Nikamwambia, ameahidi watakitafuta, lakini hakuahidi kwamba kitapatikana.

"Haya. Wewe si umeshaijua lugha yao?"

"Najua, Bibi."

"Basi uwe unawauliza."

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali aliloniuliza akichambua mchicha miaka mitano kabla. Nilikuwa nimeishi nalo kama lawama. Kumbe alikuwa akisubiri nijifunze hadi niweze kusikia bila mkalimani, na kuuliza.

Nilihitimu 2025. Namshukuru Mungu, wafadhili, wahadhiri wa mataifa mawili walionivumilia, mjomba na majina yake ya vyuma, na teyze ambaye kigoda chake bado kipo chini ya dirisha.

Kwako uliye katika mwaka wa lugha, popote ulipo, usiseme uongo nyumbani. Kosea kwa sauti kabla jino zima halijang'olewa. Na leo jioni chukua daftari, piga mistari miwili, upate safu tatu. Ya kwanza na ya pili walimu watakusaidia kuzijaza. Ya tatu ijaze mwenyewe, na ukikwama, piga simu kwenu.